Prasadi: Chakula Kisicho na Mwenyewe

Wengi wetu tuliokulia Dar tumepita Kisutu mara mia bila kujua ndani ya yale mahekalu kunafanyika nini. Baniani tulimjua dukani tu, na methali yetu ikaishia kwenye kiatu chake. Mimi imebidi nifike Maryland ndipo nielewe.

Hapa Lanham, si mbali na Washington, kuna hekalu kubwa la Sri Siva Vishnu. Mwenzangu wa maabara, mtu wa Chennai, alinipeleka Jumamosi moja. Viatu tuliviacha mlangoni. Watu wanaleta ndizi, nazi na maua, na jikoni kumepikwa wali. Mpishi haonji hata chumvi, maana wa kwanza kuandaliwa ni mungu wao. Kuhani anakiweka chakula mbele ya sanamu, anasoma dua, kisha kinarudishwa kwa watu. Hapo ndipo kinaitwa prasadi, neno la Kisanskriti lenye maana ya neema.

Sisi mainjinia tungekiweka kwenye mizani: uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mwenyewe. Ukishakitoa si chako tena, kwa hiyo huwezi kukificha wala kuchagua nani ale. Kule Puri, India, prasadi ya hekalu la Jagannath huliwa pamoja na watu wa matabaka mbalimbali, jambo lililokuwa mwiko mahali pengine. Na Bhagavad Gita inafundisha kwamba anayepika kwa ajili ya nafsi yake tu, anakula dhambi.

Mimi ni Mwislamu, kilichotolewa kwa sanamu sili, na nilimwambia mwenzangu waziwazi. Hakununa. Alinipa bakuli nimpitishie bibi mmoja aliyekaa nyuma yetu.

Lakini somo lenyewe si geni kwetu. Hitima ikisomwa, sinia la pilau halimuulizi mtu jina. Tatizo ni maisha yetu ya huku: kila mmoja na kikopo chake, mbele ya kompyuta, mlango umefungwa. Pesa nyumbani tunatuma, sadaka tunatoa kwa kadi, ila jiulize, ni wiki ngapi hujala na mtu?

Mimi siku hizi kila Ijumaa jioni napika sufuria kubwa. Uliye karibu na College Park, piga hodi. Huhitaji kualikwa.