Redio ya Gari la Msikiti na Posho ya Dereva

Gari la msikiti ni la kila mtu, na kwa hiyo kila mtu hulilalamikia. Gari letu hubeba jeneza, hubeba wanafunzi wa madrasa siku za mashindano ya Qur'ani, na katika Ramadhani huwarejesha wazee majumbani baada ya Tarawehe. Mwezi wa Shaaban, waumini wawili, Allah awalipe kheri, walilichangia vifaa: kamera ya kurekodi barabara na chaja ya simu yenye matundu manne. Wiki hiyohiyo redio ikaanza kukoroma.

Jambo hili lingekuwa dogo lau lisingefika kikaoni. Mjumbe mmoja alisema dereva ameiharibu redio kwa kuichezea. Mwingine akapendekeza posho yake ikatwe mpaka inunuliwe nyingine. Dereva wetu ni mtu mzima, na alijibu kwa neno moja tu: "Katibu, mimi nataka nisikie adhana ya Magharibi nikiwa njiani." Anayeijua foleni ya jioni ya Dar es Salaam, naye amefunga, anajua uzito wa neno hilo. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu pasi na kujua. Tukaomba siku tatu za kuhakikisha.

Tulianza na flashi. Tulipoichomeka redioni tukasikiliza kisomo, sauti ilitoka safi. Hilo pekee lilitosha kumwondolea dereva nusu ya tuhuma, kwani redio iliyoharibika spika au kipaza sauti chake ingekoroma kwa flashi pia. Mkoromo, basi, ulikuwa ukiingia kwa njia ya eriali. Kisha tukafungua swichi bila kuwasha injini. Mkoromo ulikuwepo vilevile. Kelele ya altaneta huwa ni mluzi unaopanda kila mafuta yanapokanyagwa, na kelele ya plagi hugonga kwa kufuata mwendo wa injini. Hii haikubadilika hata kidogo.

Hapo tukachomoa chaja. Mkoromo ukapungua. Tukachomoa na kamera, ukaisha.

Fundi umeme wa magari alitueleza sababu kwa uzuri. Betri ya gari hutoa volti 12, na simu huhitaji volti 5. Chaja hushusha umeme huo kwa kuukata na kuuunga maelfu kwa maelfu ya mara katika kila sekunde, na kazi hiyo huzaa mawimbi yanayofika hadi kwenye masafa ya redio. Chaja nzuri ina vizuizi ndani yake. Ya bei ya chini mara nyingi haina. Kamera nayo ilikuwa na kishusha umeme cha namna hiyo, na aliyeifunga alipitisha waya wake pembeni mwa kioo, akaufunga pamoja na waya wa eriali. (Kazi ilionekana nadhifu sana kwa macho.)

Tiba haikuwa kubwa. Waya wa kamera ulihamishiwa upande wa pili na kuvishwa pete ya feraiti karibu na kamera, ethi ya redio ikakwanguliwa rangi ili ishike chuma kitupu, chaja ikabadilishwa. Posho haikuguswa, na aliyependekeza ikatwe alimwendea dereva mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Limebaki tatizo moja ambalo halikuletwa na vifaa hivyo. Gari limetoka Japani, ambako redio za magari zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kifaa kilichounganishwa kwenye eriali huyashusha masafa hayo ili redio iyapate. Kinachoshusha kwa 14 huiweka stesheni ya 102 kwenye 88. Lakini stesheni yenye nguvu iliyo 88 kwa asili hupenya pia, na mbili zikagombania nafasi moja. Usiku mmoja wazee walisikiliza mawaidha yaliyochanganyika na taarabu. Dawa ni redio ya masafa mapana, na suala lake limo katika ajenda za kikao kijacho, chini ya mkeka wa upande wa akina mama, ambao kwa haki umetangulia.