Nyongo, Kisukari na Karipio

Jumapili moja nilitoka Tegeta kwenda Mbagala kumjulia hali dada yangu, anayeishi na kisukari aina ya pili kwa mwaka wa tisa. Nilimkuta uani anapara samaki. Alikuwa akitoa kifuko cha nyongo kwa uangalifu. "Kikipasuka hiki, mdogo wangu, kitoweo kimeharibika."

Nikaanza hotuba yangu ya siku zote: punguza wali, tembea, jikaze. Alininyamazia, kisha akasema kwamba wiki ile alikaripiwa kliniki, mbele ya foleni nzima, kuwa anakula bila kiasi. "Na wewe umekuja kumalizia?"

Niliporudi nyumbani nilisoma. Mwaka 1995 daktari wa upasuaji Walter Pories na wenzake, huko North Carolina, Marekani, walieleza kuwa wagonjwa wengi wa kisukari waliopunguzwa tumbo na kuunganishiwa utumbo kwa njia mpya walirejea kwenye sukari ya kawaida ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua sana. Kula kidogo mno siku hizo kunaeleza sehemu ya jambo hilo. Sehemu nyingine yaelekea kuwa nyongo.

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Zikishasaidia kumeng'enya mafuta, takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Njiani hupeleka habari: huchochea utumbo kutoa homoni ya GLP-1, nayo huhimiza kongosho kutoa insulini. Baada ya upasuaji ule, asidi hizo huongezeka katika damu. Katika utafiti wa mwaka 2014, panya waliokosa kipokezi kimoja cha asidi hizo hawakunufaika na upasuaji wa kupunguza tumbo kama wenzao.

Sisemi dada apasuliwe. Upasuaji una hatari zake, hudai uangalizi wa maisha yote, na kwa baadhi ya watu kisukari hurejea. Hapa kwetu Mloganzila huweka puto tumboni kupunguza uzito, lakini puto halibadilishi njia ya utumbo, wala gharama yake si ya mkazi wa kawaida wa Mbagala.

Lishe na mazoezi vinabaki kuwa msingi. Hata hivyo, ikiwa ini, utumbo na kongosho huongozana kwa namna tata kiasi hiki, kwa nini tiba yetu ianze na kumtuhumu mgonjwa ulafi? Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ndugu yangu mtumishi wa umma, kipimo chake kitakuwa hiki: je, mgonjwa wa Mbagala atapata vipimo, dawa na ushauri bila kudhalilishwa?

Nilimpigia dada simu kumwomba radhi. Alicheka. "Jumapili njoo na raba zako. Tutatembea wote mpaka Rangi Tatu, tuone nani atachoka kwanza."