Kocha wa Miaka 25

Wageni wengi wakifika Prague huanzia Daraja la Charles. Mimi nilianzia makaburini.

"Kaka, umetoka Dar kuja kutafuta kaburi la kocha?" aliniuliza mwenyeji wangu, kijana wa Tanga anayesoma huku, tukiwa ndani ya metro kuelekea kituo cha Flora. Alicheka mpaka abiria wakageuka, lakini hakuniacha niende peke yangu.

Makaburi ya Olšany yalifunguliwa mwaka 1680, wakati tauni ilipokuwa ikiua watu wa mji huu, na leo ndiyo makubwa kuliko yote Prague. Mimea itambaayo imefunika mawe ya zamani hadi majina hayasomeki. Penye makaburi yanayotunzwa kuna mishumaa ndani ya vikombe vya kioo chekundu. Tulimkuta mzee akifagia majani. Kiingereza hakikumwingia, ila niliposema "Slavia, Madden," alituelekeza kwa mpini wa ufagio.

Kocha niliyemfuata, Mskoti John Madden, alizaliwa Dumbarton mwaka 1865, akafanya kazi kwenye viwanda vya meli vya Mto Clyde akigongomea ribiti. Alikuwa mshambuliaji wa kati wa Celtic katika mechi ya kwanza kabisa ya klabu hiyo, mwaka 1888, Rangers walipofungwa 5-2. Aliichezea Uskoti mara mbili tu, zote dhidi ya Wales, akatia wavuni mabao matano. Hata hivyo, mpira wa enzi zile haukumpa mtu akiba ya uzeeni. Mwaka 1905, akikaribia miaka 40, alifunga safari kwenda kuinoa klabu ya Slavia Prague. Inasimuliwa kwamba Slavia walikuwa wakimtaka mchezaji wa Rangers, na Madden akajipenyeza kwa picha aliyopiga akiwa amevaa jezi ya mwenzake.

Ujanja au la, kazi aliifanya. Aliwafundisha vijana pasi fupi, akasimamia ulaji wao na kuwachua misuli kwa mikono yake. Wachezaji walimwita Babu. Alikaa mpaka 1930, akaoa huko huko, na alipofariki mwaka 1948 akazikwa hapa Olšany.

Kutoka makaburini tulipanda tramu hadi Letná, juu ya Mto Vltava, ulikokuwa uwanja wa Slavia zama za Madden. Slavia walishahamia Vršovice. Waliobaki Letná ni Sparta, watani wao wa jadi, na kuta za uwanja wao ndizo zinazokukaribisha ukishuka kwenye tramu. Sparta nao walifundishwa na Mskoti: John Dick, aliyeichezea Woolwich Arsenal kwa zaidi ya miaka kumi, naye akaishia kuwa kocha Prague. Kwa hiyo kulikuwa na wakati watani hao wawili walikuwa wakitunishiana misuli kila upande ukiongozwa na mtu wa taifa moja.

Mimi nimezoea ligi ambayo kocha mgeni hupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na skafu, na msimu haujaisha anasindikizwa kwenye uwanja huo huo. Nilimuuliza mwenyeji wangu, Madden angedumu muda gani kwetu?

"Sare mbili, kaka. Ya tatu anakatiwa tiketi."

Lakini hesabu ya Slavia ni hii. Ligi ya kulipwa ya Chekoslovakia ilipoanza mwaka 1925, bingwa wa kwanza alikuwa Slavia, na Madden alikuwa na miaka 20 kazini. Golikipa František Plánička, aliyejiunga na klabu mwaka 1923 na kulelewa mikononi mwake, alikuwa nahodha wa Chekoslovakia katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1934. Wasimamizi wa klabu zetu wakitaka matunda ya namna hiyo, wajue kwamba Slavia hawakuyapata kwa kubadili kocha kila mwaka.