Deni lisilo na karatasi

Je, msomaji, kitu kisichoshikika kipo kweli? Kiti kipo, sufuria ipo. Lakini deni, haki na ahadi vipo wapi? Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishikilia kwamba uzuri na haki vipo vyenyewe, na kwamba tuyaonayo duniani ni vivuli vyake tu. Waliokuja baadaye walimpinga, wakidai hayo ni majina matupu.

Jamaa yetu ilikumbana na swali hilo mwaka wa 2020, tulipokuwa tukigawana vyombo vya marehemu nyanya. Ndani ya kopo la majani chai tulipata noti sita za Sh1,000, zile za zamani. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imezipiga marufuku baada ya Septemba 30, 2019. Karatasi ilikuwa ile ile na picha ya Mzee Jomo Kenyatta ile ile, lakini hazingenunua hata kibiriti. Kote nchini, noti za zaidi ya Sh7 bilioni hazikurudishwa. Thamani, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ilikuwa imeondoka ikaacha karatasi.

Jioni hiyo jirani mmoja mzee alibisha hodi. Baada ya kutupa pole, alisema kwa unyenyekevu kwamba marehemu alichukua kwake madebe mawili ya mahindi, na kifo kikamkuta kabla hajalipa. Hakuwa na cheti wala shahidi.

"Karatasi iko wapi?" ami akauliza.

Shangazi alimsogezea lile kopo. "Karatasi ndizo hizi, ndugu yangu. Zitakufaa nini?"

Ami alicheka kidogo, kisha akatia mkono mfukoni. Tulichanga, deni likalipwa.

Tangu siku hiyo nimeyatazama upya maneno matatu ya lugha yetu: mtu, kitu na utu. Mtu utamsalimia, kitu utakibeba. Utu huwezi kuuonyesha kwa kidole, lakini ukikosekana nyumbani, hata mtoto mdogo hutambua. Noti zilikufa kwa tangazo la serikali. Deni la nyanya lingekufa kwa njia moja tu, nayo ni sisi kulikana. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hawakuuliza kama limeandikwa.