Mwizi wa Maji

Likizo ya kiangazi iliyopita niliikaa kwa baba mdogo mjini Bujumbura. Yeye hufuga samaki wadogo wenye milia, waliovuliwa katika Ziwa Tanganyika, ndani ya tangi la kioo lililo wazi juu, karibu na dirisha la sebule. Alipopata safari alinikabidhi tangi lile, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Waangalie." Nami nikavimba kichwa.

Nilibandika kipande cha karatasi juu ya kioo, mahali maji yalipofika. Baada ya juma moja maji yalikuwa yamepungua sentimita 2. Tangi lina urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 30. Nikapiga hesabu, nikaona karibu lita 5 zimetoweka! Nikapapasa meza chini ya tangi: kavu kabisa. Basi, mwizi ni nani?

Mtoto wa baba mdogo, mwenye miaka 8, alizoea kusimama pale na kikombe chake akiwatazama samaki. Nikamkamata mkono. "Sikuchota, kaka," akasema huku analia. Sikumsadiki. Nikamshtaki kwa mama mdogo, akachapwa, akakatazwa kuingia sebuleni.

Siku ya pili alipelekwa kwa bibi yake huko Rumonge. Nikajaza tangi mpaka kwenye alama, nikangoja. Juma likapita, na maji yakapungua sentimita 2 zile zile! Mtoto hayupo, na mwizi bado yumo nyumbani. Nikaingiwa na baridi.

Ndipo nilipokumbuka somo tulilofundishwa zamani. Nikachukua bakuli mbili zilizo sawa, nikatia maji kiasi kimoja, moja nikaifunika kwa sahani. Baada ya siku 4 bakuli iliyokuwa wazi ilikuwa imepungua waziwazi. Ile iliyofunikwa ilikuwa karibu vile vile, na chini ya sahani yalining'inia matone. Kumbe mwizi alikuwa hewa kavu ya kiangazi, akisaidiwa na upepo wa dirishani! Maji hugeuka mvuke hata pasipo moto. Ziwa Tanganyika lenyewe hupoteza maji mengi zaidi kwa njia hiyo kuliko yale yatokayo kwa mto wake wa Lukuga.

Tena nikaona mstari mweupe juu ya kioo, pale maji yalipokuwa kwanza. Mvuke huchukua maji peke yake. Chumvi na madini hubaki. Kwa hiyo mwenye kujaza tu kila juma huwazidishia samaki chumvi. Yafaa kuongeza kwa maji safi ya mvua, na mara kwa mara kumwaga sehemu ya maji ya zamani na kutia mapya. Yafaa pia kufunika tangi kwa kioo, na kuacha nafasi ndogo ya hewa. Nilifanya hivyo, na juma lililofuata maji hayakupungua ila kidogo sana.

Lakini kazi kubwa ilikuwa bado. Mtoto aliporudi nilimwita mbele ya mama mdogo, nikakiri kosa langu. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Nilikuambia, kaka." Hakusema zaidi, akaenda kuwatazama samaki wake.

Ndugu zangu wanafunzi, somo lile nilikuwa nalo kichwani siku zote, ila nilitanguliza mashtaka, kipimo kikafuata nyuma. Maji yaliyopotea niliyarudisha kwa ndoo moja. Viboko alivyopigwa mtoto yule sikuweza kuvirudisha, na kila nikiuona ule mstari mweupe juu ya kioo, huvikumbuka.