Kichwa kinauma, ugonjwa uko nyumbani!

Mpenzi msomaji, mwambie mtu mzima wa Bukene aende kwa mshauri nasaha uone. Atakutazama juu mpaka chini, kisha akuulize: "Kwani mimi chizi?" Huku kwetu mtu akizidiwa na mawazo anameza Panadol na kunyamaza. Wanaume wana njia ya ziada: kilabu cha pombe.

Sasa nikupe mkasa wa dada yangu mkubwa. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu na deni la kulimia mpunga. Miezi minne kichwa kinamuuma, usingizi hauji, ugali haupiti. Akaenda kupimwa malaria, hana. Akapewa vidonge, akarudi, akapewa vingine. Shangazi naye akaanza yake, eti karogwa.

Mimi niliogopa siku aliponiambia: "Mdogo wangu, nikiondoka, hawa watoto uwaangalie." Nikamuuliza anaondoka kwenda wapi. Hakujibu.

Tukafunga safari mpaka Tabora mjini, kwa mama mmoja muuguzi aliyesomea ushauri nasaha. Alimpima presha na damu. Halafu, badala ya kuandika dawa, akaweka kalamu chini. "Haya mwanangu, unalala saa ngapi? Unakula na nani? Deni ni la nani, shilingi ngapi? Shemeji zako wanasemaje kuhusu shamba? Kanisani bado unakwenda? Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini?" Kisha bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?"

Jamani, nilitaka kumziba mdomo! Wengi tunadhani swali hilo linampa mtu wazo. Wataalamu wanasema sivyo, linampa mlango wa kusema. Dada alilia mpaka kitenge kikalowa. Akasema ndiyo.

Tulirudi pale mara nne. Damu ilikuwa pungufu, akapewa dawa. Kwa deni, aliitwa mkubwa wa ukoo akakaa na mdai, wakapatana kulipa kidogo kidogo kila mavuno. Usiku tukawa tunalala naye kwa zamu. Jumamosi akarudi kwenye kwaya. Yule mama alikuwa anamtibu mtu mzima mzima: mwili, akili, nyumba, mfuko na roho.

Usiniambie ni mambo ya Kizungu. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006. Mabibi waliopewa mafunzo wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanasikiliza, kisha wanachagua pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Ugonjwa wenyewe Washona wanauita kufungisisa, yaani kuwaza mno. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na mabibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kwa kila 100. Wenzao waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Na sisi Wanyamwezi tusijifanye wageni. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Mzigo ulikaa begani, lakini aliyefika alifikishwa na miguu, chakula, nyimbo na wenzake. Msibani je? Mtani anakuja anakuchekesha huku machozi hayajakauka. Hiyo ni tiba, ila haina cheti ukutani.

Dada bado ni mjane na deni halijaisha. Lakini analala. Juzi alimfokea mwanawe kwa kumwaga maziwa mpaka jirani akachungulia, nami nikashukuru Mungu kimoyomoyo: miezi ile hakuwa hata na nguvu ya kufoka.

Kwa hiyo mshikaji, mama, shangazi au rafiki yako akisema kila siku kichwa kinamuuma, mpeleke akapimwe. Halafu muulize na deni, usingizi, na nani anakula naye. Akikwambia anataka kuondoka, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.