Rangi ya Juu na Bati la Chini: Safari ya Kumtafuta Fundi, Mtwapa hadi Mambrui



Wasomaji wetu wapenzi, anayeishi mwambao huu hana haja ya kufundishwa kuwa bahari hula chuma. Nondo za madirisha, bawaba za milango na baiskeli za watoto wetu vyote vyashuhudia. Gari nalo halisalimiki. Upepo huleta chembe za chumvi, zikatua juu ya bati, zikavuta unyevu, na unyevu wenye chumvi huharakisha kutu kuliko maji ya mvua peke yake. Kwa hiyo gari kuukuu la Malindi au Kilifi halifanani na la umri huo huo lililokaa Nairobi, na fundi wake hana budi kuyajua ya pwani.

Sisi tunalo moja la namna hiyo: Peugeot 504 aliyotuachia marehemu baba yetu, aina iliyosifika kwa kustahimili njia mbovu na iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Warithi tuliafikiana libaki kwa mama, alitumie kwenda sokoni na hospitali na kuwapeleka wajukuu madrasa. Rangi ilipoanza kufura penye matao ya magurudumu, ndugu walichanga kila mmoja kwa uwezo wake, na mmoja wetu akatuma fungu lake kutoka Maskati. Fedha hizo zilikuwa amana. Tukaazimia tusimpe fundi yeyote shilingi kabla ya kuzunguka na kuona kwa macho yetu.

Tulianzia Mtwapa, upande wa kusini wa kaunti yetu, mama akiwa kiti cha mbele. Kando ya barabara ile gereji ni nyingi: nyingine zina banda la mabati, nyingine hazina ila kivuli cha mwembe na kompresa. Katika ya kwanza tulionyeshwa gari lililokuwa liking'ara kama kioo. Bei ilikuwa nafuu, na muda siku tatu tu. Lakini fundi hakufungua mlango wala hakuinama kutazama chini. Mama akamuuliza, "Na hii kutu, mwanangu, utaifanya nini?" Akajibu, "Hiyo, mama, tutaifunika, haitaonekana." Mama akamshukuru kwa adabu, nasi tukaondoka.

Tulipita mashamba ya mkonge ya Vipingo, tukafika daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuwapumzisha watu na foleni za kivuko. Ukitazama chini pale juu unaiona hori, na vyombo vimetia nanga. Hapo tulikumbuka kuwa wazee wetu waliijua kazi hii kabla ya gari kufika pwani. Jahazi likipandishwa ufukoni halipakwi kitu siku hiyo hiyo. Husuguliwa mpaka ubao uonekane, mbao zilizooza hung'olewa, nyufa hukalafatiwa kwa pamba, ndipo chini hupakwa deheni na juu sifa. Aliyeanza na mafuta akaacha ufa, bahari ilimwumbua. Ndiyo maana tukaambiwa: usione vyaelea, vimeundwa.

Pembezoni mwa mji wa Kilifi tulimkuta fundi wa pili. Huyu aliomba mkeka, akalala chini ya gari. Akainua zulia la ndani, akagonga sakafu kwa ncha ya bisibisi, na kipande cha bati chenye upana wa kiganja kikabaki mkononi mwake. Akatuonyesha bila haya wala kutuonea haya. "Mama," akasema, "nikipaka juu ya hii, gari litang'ara leo, na masika yajayo utanirudia. Hapa ni kukata, kuchomea bati jipya, kisha praima. Fila ni ya kusawazisha, si ya kuziba tundu." Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Mtwapa. Tulipoomba kuona kazi zake hakutupeleka kwenye gari la jana. Alitupeleka nyumbani kwa mteja aliyepakiwa gari kabla ya masika yaliyopita. Tukapitisha mkono chini ya milango, mahali maji yanapojikusanya. Palikuwa laini.

Hapo tuliipata mizani ya safari nzima. Gereji yoyote inaweza kukuonyesha gari zuri la wiki iliyopita. Uliza gari lililokwisha kunyeshewa masika mazima.

Hatukuishia hapo, kwa kuwa amana haitoshi kupimwa kwa mtu mmoja. Tulipita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tukaiacha Gede na magofu yake, tukaingia Malindi. Huko mpaka rangi mmoja, mzee aliyestaafu, alitufundisha kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa ili isikwaruze. Ipitishe polepole juu ya bati: inaposhika, chini kuna chuma, inapoteleza, chini kuna fila nene. Ni kipimo ambacho dada yeyote anaweza kukibeba mkobani, akakitumia hata anaponunua gari lililokwisha tumika.

Tulivuka mto Sabaki hadi Mambrui, jirani na Gongoni ambako chumvi huvunwa kwa kuanika maji ya bahari. Fundi wa huko alitueleza jambo ambalo wengi hulipuuza. Kabla ya msasa kugusa gari, lioshwe kwa maji matamu, pamoja na chini na ndani ya matao, kwa sababu chumvi ikifungiwa chini ya rangi huendelea na kazi yake. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au ya chumvi, hivyo kuosha gari kwa maji hayo ni kuongeza kile unachokiondoa. Alisema pia kuwa rangi haipendi hewa nzito ya mvua: unyevu ukinaswa, uso hupata ukungu mweupe. Wakati bora ni miezi mikavu ya kaskazi, Januari na Februari.

Tulirudi kwa fundi wa Kilifi. Mapatano tuliyaandika, kama tulivyoelekezwa juu ya kuandikiana madeni katika Suratul Baqarah, aya ya 282. Tuliandika sehemu zitakazokatwa, aina ya rangi na kigumishi chake, siku ya kumaliza, na vitu vilivyokuwamo garini: betri, jeki, tairi la akiba. Malipo yaligawanywa mafungu matatu: la kwanza bati lilipokuwa wazi mbele ya macho yetu, la pili baada ya praima, la tatu kazi ilipokamilika. Makopo yalifunguliwa mbele yetu, na rangi iliyobaki tukapewa kwa ajili ya mikwaruzo ya baadaye.

Akina mama, tunawasihi jambo moja la afya. Rangi za kisasa zenye kigumishi hutoa mvuke unaodhuru mapafu na kuweza kusababisha pumu, na kitambaa cha puani hakiuzuii. Fundi anayejali huvaa barakoa yenye vichujio. Basi msikubali gari lipigwe rangi uani mwa nyumba, wala watoto wasisogee.

Mkibadili rangi yenyewe, si kuirudishia tu, kumbukeni kuwa rangi imeandikwa katika hati ya usajili, na sharti mabadiliko yaandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA.

Wasomaji wetu wanaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni Madina akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu. Muuzaji alitoa udhuru wa mvua, lakini aliulizwa kwa nini hakuyaweka majimaji juu ili watu wayaone. Tunadhani hakuna kipimo bora cha fundi, wala cha sisi wenyewe siku tutakapouza gari. Yule wa Mtwapa huenda ni hodari wa mkono kuliko wenzake. Alichotukosesha ni kuona lililo chini.

Masika yamekwisha kupita juu ya kazi ile. Juzi tulipitisha mkono chini ya milango na penye matao, mama akitusimamia. Bati ni laini, na ndugu wa Maskati ametumiwa picha na hesabu kamili ya fungu lake.